Kosa la Mlango wa Nyuma

"Injini yako imeungua au imepakwa masizi?" Mkaguzi aliuliza, akiinama juu ya meza kama anayenusa mchuzi uliolala.

Walikuwa watatu kwenye ukumbi wa maonyesho ya vitu vidogo vya mfano, wakikaguana kazi kabla watazamaji hawajaingia. Jemadari, mcheza vita vya mezani, alikuwa ameshapewa zake: askari wake wadogo, aliambiwa, wana vumbi la watu waliotoka kusaga unga, si vitani. Sasa zamu ilikuwa ya Reli. Yeye aliunda treni za mfano, na kando ya njia yake alipanga safu ya nyumba ndogo zenye sura moja, zote zimeipa treni mgongo.

Mkaguzi aliunda vifaru vya kivita tu. Kazini alikagua magari yaliyopata ajali, wiki nzima yuko mikoani, na aliamini hakuna anayejua uchakavu kumzidi.

"Hiyo mbinu ya sponji nilikufundisha mimi," alisema. "Unachovya, unadonoa, rangi inaonekana imebanduka. Sikukufundisha kudonoa ovyo."

"Mimi napaka ninachokiona," Reli alijibu taratibu. "Dirisha langu la nyumbani linatazama nyumba hizi."

"Basi kapime macho. Tazama mlango huu. Milango mingine yote ya nyuma ina kutu mpaka kwenye bawaba, haifunguliwi. Huu mmoja komeo linang'aa, rangi imelika kwa viganja, na nyasi zimekanyagwa kuanzia hapo hadi ng'ambo ya reli. Nani anapita? Jini?"

Jemadari alikohoa. "Bwana mkubwa, twende kwenye vifaru vyako."

"Tutafika. Nyie mnadhani uchakavu ni kuchafua. Kila mkwaruzo una mtu wake! Anayelisugua komeo mpaka likang'aa hivi hapiti mara mojamoja. Huyo ni mwenyeji, tena wa miaka."

Jemadari alipata ghafla kazi ya kufunga kamba za viatu. Reli alikuwa akifuta brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nitaupaka upya," alisema. "Nipishe kidogo tu."

"Uache hivyohivyo. Watu waje waone kazi ya mtu asiyefikiri."

Mkaguzi akatoa lenzi yake mfukoni, aone uzembe ule umefika wapi. Akapanda nayo polepole: mlango, ukuta, dirisha lenye pazia lililofungwa nusu, kisha paa.

Juu ya chumba cha kulala palikuwa na kiraka cha bati cha kijani, kijani kilekile cha vifaru vyake, rangi iliyobaki koponi aliyoipaka siku alipopanda mwenyewe kuziba tundu la paa la nyumba yake, mkewe amemshikia ngazi.