Kikombe cha Msumarini

Katika mji wa punda ubaguzi ulikwisha zamani. Ukitaka kuhakikisha, muulize Bi Punda mwenye mgahawa, atakuapia. Pundamilia si anakunywa chai hapo hapo kila asubuhi, tena anasalimiwa kwa jina lake? Ni kikombe chake tu kilichotundikwa peke yake kwenye msumari, nyuma ya mlango.

"Kwa heshima yako, jirani," Bi Punda humwambia. "Kisije kikachanganyika na vyetu."

Mwaka mmoja punda wakaingiliwa na vidonda vya midomo. Walikuwa wakinywea vikombe vilevile, basi ugonjwa ukapita mdomo hadi mdomo, mpaka Bi Punda mwenyewe akashindwa kutafuna hata pumba laini. Mzima alibaki mmoja tu, Pundamilia, amekaa anapuliza chai yake ya moto.

Bi Punda akakitazama kile kikombe kwa jicho la mapenzi ambalo hakuwahi kukitazama nalo.

"Jirani yangu," akasema kwa mdomo uliovimba, "sisi si ndugu? Hebu niazime kikombe chako."

Pundamilia akamaliza chai, akakisuuza kikombe taratibu, akakirudisha msumarini.

"Niwie radhi, mama. Kisije kikachanganyika na vyenu."

Mgahawa mzima ukaguna. Bi Punda akashika kiuno, machozi yakamlengalenga.

"Mmemsikia wenyewe?" akawaambia wateja wake. "Miaka yote tumeishi naye vizuri, kumbe mbaguzi!"