Bia ya Ngano ya Mdogo Wake

Mwenya alipewa glasi na mdogo wake, ambaye alikuwa amepika bia ya ngano ya Kibelgiji kwa ajili ya wageni wa baa yao ya mtaa wa Golf jioni ile. Mwenya ndiye aliyemfundisha kupika bia. Siku hizi wateja walimuulizia mdogo tu.

Povu lilimgusa mdomo. Ikaja ladha ya ganda la chungwa, kisha giligilani, kisha ulaini ambao yeye hakuwahi kuupata. Alipomeza, wivu ulimshika.

"Yaya, iko namna gani?" mdogo alimuuliza mkubwa wake.

"Ilisha kuharibika," Mwenya alisema. "Utatupatisha haya mbele ya bantu, hawa wageni."

Mdogo alifuta macho, akainama, akafungua bomba la pipa. Bia ikaanza kumwagika sakafuni, na Mwenya hakumzuia.