Shikamoo ya Kiwandani

Katika kiwanda kile cha sabuni, shikamoo ilifuata cheo, si umri. Ndiyo maana Mama Chausiku, mpika chai mwenye mvi, alikuwa akimwamkia Adelina wa ofisini, ambaye angeweza kuwa binti yake. Adelina aliitikia bila kuinua macho.

Wafanyakazi walipogoma kwa kuchoshwa na ubaguzi, mwenye kiwanda aliamua kumteua mtu wa kuung'oa ubaguzi huo. Adelina aliitamani mno kazi hiyo, lakini aliyepewa ni Rukaya, msichana wa juzi tu.

Kwenye kikao cha kwanza, Mama Chausiku aliingia na sinia. Rukaya akasimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

Mama Chausiku akaweka sinia mezani. "Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Mwanangu! Wivu ukamshika Adelina. Miaka yote hii, nani humu amewahi kumwita yeye mwanangu? Na hako katoto kamefika leo leo!

Mama Chausiku akamfikia, akamnyooshea kikombe. Safari hii hakumwamkia. Alimtazama tu, akisubiri kuamkiwa.

Adelina akakishika kikombe, lakini Mama Chausiku hakukiachia. Wakabaki wamekishika wote wawili, mvuke wa chai ukipanda kati yao.