Pedi ya Mwanaidi

Jumamosi, tarehe nne Juni, asubuhi ya manyunyu, Sefu mwenye kibanda cha gemu aliwatangazia wachezaji wake kwamba ananunua mashine mpya.

Wote walishangilia, isipokuwa Mwanaidi. Vidole vyake havikunjuki, na kwenye pedi yake ya kuchezea gemu Sefu alikuwa amegundisha kizibo cha soda juu ya kitufe, ili abonyeze kwa ngumi.

"Kaka Sefu, hiyo mpya itaikubali pedi yangu?"

"Inakataa pedi zote za zamani."

"Afadhali!" mchezaji mwenzao Chande alitania. "Tumechoka kufungwa naye."

Mwanaidi alicheka kidogo, kisha akaikumbatia pedi kifuani.

Sefu alisimama. "Nyote ni mashahidi. Mungu akinijalia uhai, mashine mpya haiingii humu kabla sijamtengenezea dada yangu Mwanaidi pedi atakayoiweza."