Glasi ya Nne

Dada yake alimfundisha uongo mzuri: wakiuliza, sema ulikuwa unamuuguza shangazi. Mwanakombo aliukariri njia nzima hadi kwenye hoteli mpya iliyokuwa ikitafuta msimamizi wa mapokezi.

Wasaili watatu walikaa upande wa pili wa meza. Mbele yao palikuwa na jagi la maji na glasi tatu, zote za kwao.

"Hapa miaka miwili hukuandika kitu," alisema mwenyekiti, Bwana Shekue, akigonga wasifu wake kwa kidole. "Ulikuwa wapi?"

Uongo ulimfika mdomoni. Akaumeza.

"Nilikuwa safarini."

"Kikazi?"

"Hapana. Nilitaka tu kuona kwa watu."

Bwana Shekue alitabasamu. "Miaka miwili ya kuzurura! Sisi itatufaa nini?"

"Nimelala kwenye nyumba za watu nisiowajua, wengine hata lugha yao siijui. Kila nilipobisha hodi nilikaribishwa, nikapewa maji, ndipo nikaulizwa nimetoka wapi. Hapa nimeanza kuulizwa kabla ya kupewa maji."

Mama mmoja kati ya wasaili alilitazama jagi kama ndiyo kwanza analiona. Akainuka, akatoka, akarudi na glasi safi. Akaijaza, akaizunguka meza, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu."

Bwana Shekue alifungua kinywa aulize swali jingine.

"Ngoja," alisema yule mama. "Mgeni anakunywa."

Mwanakombo alikunywa taratibu, na wote watatu wakamngoja.