Kata ya Jioni

Siku hizi mzee akinywa, mtoto wake ndiye anayelewa. Sheria ndivyo ilivyopanga. Kwa hiyo kila jioni kizunguzungu kilimjulisha Ndeshi, huko Dodoma, kwamba baba yake kule Kibosho ameshika kata ya mbege, pombe ya ndizi. Ndeshi ameshaunguza wali mara ngapi! Mwezi uliopita alimfokea mzee.

Wiki hii kichwa kikatulia. Ndeshi akapiga simu.

"Baba, mzima kweli?"

"Mzima, mwanangu. Nimeacha pombe. Si ulisema nakuaibisha?"

"Kunywa, baba. Kidogo tu, nijue upo."

Mzee akacheka, akaahidi.

Ndeshi akazima jiko mapema, akavua viatu, akakaa kitandani kusubiri. Giza likaingia. Kichwa chake bado kilikuwa kimetulia kabisa.