Spika ya Aliko

Damari alitemea mate kitambaa, akasugua tena. Upande mmoja wa spika ulikuwa bado umepauka kama kisigino cha mvuvi.

Kosa lilikuwa lake. Aliiweka dirishani miezi mitano, ili wapita njia wa Bujonde waone kuwa mumewe, Aliko, ametuma redio na spika yake ya mbao kutoka migodi ya dhahabu ya Joni. Wapita njia waliona. Jua nalo likaona.

Sasa Aliko alikuwa njiani. Jumamosi angeshuka melini Mwaya. Baba mkwe, Mzee Asajile, alikwisha kutangaza, akiwa upande wa pili wa ukuta kama desturi inavyotaka: "Mwanangu akikuta spika yake imeharibika, huyo binti arudi kwao Ikombe!"

Damari hakuwahi kuuona uso wa mzee huyo. Miaka mitatu, kila alipomsikia akikohoa njiani, alijitupa migombani na kujifunika kanga gubigubi. Mkamwana akimtazama baba mkwe usoni, ndoa imekwisha. Hata mchungaji, kwa hilo, alijifanya anatafuta miwani yake.

Bahati nzuri mama mkwe alikuwa upande wake.

"Usilie, mwanangu," alisema Tulinagwe. "Ninyi Wakisi mnang'arisha udongo, mbao itawashinda?"

Damari akakwangua vanishi ya zamani kwa msasa. Akapaka udongo mwekundu wa wafinyanzi wa kwao na mafuta ya nyonyo, akasugua kwa jiwe laini la ziwani kama mama yake alivyosugua vyungu. Rangi ikarudi. Tulinagwe mwenyewe akatembea hadi Ipinda kumletea vanishi mpya.

"Inatosha, mama?"

"Wapi! Paka tena. Aliko akiandika barua anakusalimu wewe kwanza, mimi ananikumbuka wino ukikaribia kuisha. Sasa aione kazi ya huyo mke wake."

Akapaka mara ya tano. Mara ya saba. Ijumaa asubuhi spika iling'aa kuliko ile ya Bwana Shauri, afisa wa wilaya.

"Ndaga fijo, asante sana, mama," Damari alisema, machozi yakimlengalenga. "Umeniokoa."

"Igeuze ielekee mlangoni, ipate mwanga. Haya, inama. Angalia vizuri kama kuna mkwaruzo."

Tulinagwe akatoka nje taratibu. Damari akainama, akaisogelea spika mpaka pumzi yake ikagusa mbao.

Mkwaruzo hakuuona. Ndani ya ile mbao nyekundu, kama kwenye kioo, aliona mvi, pua pana kama ya Aliko, na macho mawili ya mzee aliyesimama juani barazani, yakimtazama kwa hofu.

"Tulinagwe!" mzee alipiga kelele, akijiziba uso kwa kofia. "Si umeniambia yuko mtoni?"

Tulinagwe alikuwa uani, akiwapangia viti wazee wanne wa ukoo aliowaalika tangu jana.